Firigisi ya Mukubwa

Habari za kifo cha Mukubwa zilinikuta nachambua mchele, nami nikaendelea kuchambua mchele. Aliyenipigia simu ni Sumaili, ambaye zamani tulikuwa naye ofisi moja na sasa ni mtu wa gari na mlinzi. Alingoja niseme pole, akaona kimya, akadhani mtandao umekatika. "Feza, uko hapo?" Nikamwambia niko. "Utakuja ku matanga?" Nikamwambia nitakuja, maana kwetu mtu haachi kwenda kwenye matanga hata ya adui yake, usipokwenda watasema ni wewe uliyemroga. Ndivyo nilivyokwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ileile ambayo niliapa sitaikanyaga tena, nimejifunga kikwembe cheusi, magoti yananiuma, nikimsikiliza Sumaili aliyeshika maikrofoni kwa mikono miwili. "Mukubwa alitulishaka siye wote," alisema. "Kila muntu wa sheria munamuona hapa Kindu leo, alikulaka ku meza ya hii nyumba." Watu wakatikisa vichwa kukubali, na wawili watatu wakageuka kunitazama mimi. Nilijua wanakumbuka nini. Wamekikumbuka kwa niaba yangu karibu maisha yangu yote.

Basi nataka kuusimulia mwaka ule mwenyewe, kabla hawajamaliza kunisimulia wao. Ilikuwa Zaire, Chama kilikuwa kimoja, na hakuna aliyeitwa Bwana wala Bibi. Sote tulikuwa masitwayeni, yaani raia. Mimi nilikuwa substitu, yaani msaidizi wa mwendesha mashitaka, katika parke ya Kindu, ndiyo ofisi ya mashitaka. Nilisikiliza walioshitakiana, nikaamua nani ashikwe na nani aachiliwe, dosye ipi, yaani jalada lipi la kesi, iende mbele ya hakimu na ipi ifungwe. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Kila asubuhi, kabla ya kazi, tulipangwa uani tuimbe na kucheza nyimbo za kumsifu Mwongozi, rais wetu, mchezo ulioitwa animasyo, na mimi niliyekuwa nimetoka kujifungua nilitikisa kiuno pamoja na makarani na polisi, huku Mukubwa amesimama kwenye ngazi, abakosti yake, suti ya siku zile isiyo na tai, ya rangi ya majivu imefungwa mpaka kooni, akitazama nani anaimba kwa moyo na nani anachezesha midomo tu. Yeye ndiye aliyekuwa mwendesha mashitaka mkuu. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mukubwa, na mkewe tulimwita Mama Mukubwa. Jina la yule mama sikulijua mpaka siku ya matanga, na hilo nalo linaniudhi ninapolifikiri.

Kazi yenyewe ya parke haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa ile ya pili, iliyoanza saa sita mchana. Saa sita Mukubwa alifunika kalamu yake, akasimama mlangoni na kusema, "Twende tukule," na masubstitu wote wakatoka nyuma yake kwa miguu, tukikatiza barabara kwenda kwake. Hakuuliza kama una nyumba. Hakuuliza kama una njaa. Kukataa mwaliko wa Mukubwa kulikuwa ni kukataa kazi, na kukataa kazi ya serikali siku zile kulikuwa ni kukataa mengine makubwa zaidi, ambayo hatukuyataja. Kwenye meza yake tulikaa mpaka saa nane, halafu wanaume walilala kidogo kwenye viti vya barzani, halafu tukarudi ofisini kuandika. Jioni kulikuwa na mikutano ya Chama. Jumamosi kulikuwa na salongo, tukifyeka majani ya barabarani kwa ajili ya taifa. Jumapili, ukiwa na bahati, hukuitwa.

Chumba kile cha kulia ninakiona mpaka leo kwa kila kitu chake. Meza nzito iliyoachwa na Wabelgiji, imefunikwa nailoni yenye picha za matunda ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyala. Kabati la vioo lililojaa glasi zisizotumika. Ukutani, Mwongozi na kofia yake ya ngozi ya chui, akitutazama tukitafuna. Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo: wali mweupe wa Maniema, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese mpaka ikalainika, samaki wa mtoni, lituma ya ndizi zilizopondwa, mara mbuzi, na kuku karibu kila siku. Mama Mukubwa aliyapika yote hayo na mara zote alikuwa amesimama. Sikumwona hata siku moja akikaa kula. Kuku walikuja kwa mlango wa nyuma, wakiwa hai, kwapani mwa watu wenye kesi.

Sasa, kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mwanamke anaisafisha, anaipika, haionji. Tulipokuwa wasichana tuliambiwa ukila firigisi hutazaa, au utazaa watoto wenye vichwa vigumu, na nilijua familia ambayo mke alirudishwa kwao kwa sababu kuku alifika mezani bila firigisi, wazee wakakaa kikao kana kwamba ameua mtu. Mukubwa aliichukua desturi hiyo akaigeuza kuwa sheria yake. Firigisi ililetwa mwisho, kwenye kisahani chake, pilipili pembeni. Yeye hakuila. Aliichoma kwa uma, akaipitisha juu ya meza polepole, kisha akaishusha kwenye sahani ya mmoja wetu. Hakusema neno. Uliyewekewa ulijua kwamba dosye fulani iliyoko mikononi mwako imekwisha kuamuliwa katika nyumba ile, na ukishatafuna, huna tena la kubisha. Mchana uleule utaandika ulivyoambiwa. Nilimwona Sumaili akiila mara nyingi, na kila mara alifumba macho kidogo, kuonyesha utamu. Mukubwa alijifuta mdomo na kusema methali yake, "Mukono mutupu haulambwi," na wote wakacheka, hata siku ambazo tulikuwa tumeisikia asubuhi.

Mimi katika meza ile nilikuwa nikivuja maziwa. Mtoto wangu nilimwacha kambi ya reli kwa jirani, mama mmoja wa Kasai ambaye mumewe alifanya kazi na mume wangu, na kufika saa saba matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, kikwembe kimelowa kifuani, nami nimekunja mikono juu yake nikisikiliza hadithi za Mukubwa za Kinshasa. Jirani yangu hakuwa na huruma na maneno yake. "Mutoto wako analiaka saa sita mpaka anachoka," alinipokea siku moja. "Mi namupatia uji. Anazoea uji sasa. Kesho atazoea na mi, utamukuta ananiita mama." Alikuwa anatania, na alikuwa hatanii. Nililia njiani, halafu nikajifuta, maana kulikuwa na mkutano.

Kalume, mume wangu, alikuwa fundi wa injini za treni. Alipanda kwenda kusini na hatukujua atashuka lini, kwa sababu injini zilikuwa zinakufa porini na mafundi wanalala nazo hukohuko. Siku alizokuwa Kindu alikuwa nyumbani mchana, na mchana mimi nilikuwa mezani kwa mtu mwingine. Si mtu wa kugomba. Siku moja nilirudi akaniuliza nilikula nini. Nikasema mbuzi.

"Mbuzi ya nani?"

Nilitafuta jibu kweli, nimesimama pale na mtoto kifuani, mwanasheria mzima.

"Miye sijue sheria yenu," alisema. "Lakini muntu anakulaka kwake. Kama kila siku anakula kwa wengine, hapa njo imekuwa oteli ya kulala."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia mshahara wangu ndio unaolisha nyumba reli isipolipa, na hilo lilikuwa kweli, naye hakulikana. Lakini swali lake lilinifuata ofisini. Kuanzia siku ile kila tonge nililopeleka mdomoni kwenye meza ile lilikuwa na mwenyewe, na nikaanza kuwatambua wenyewe uani, nyuma ya jiko, wakiwa wamechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta na vikapu vyao, wakihesabu kwa macho sisi tunaoingia.

Ndipo ilipofika dosye ya Mama Riziki. Alikuwa mjane wa Mikelenge mwenye shamba la mpunga bondeni. Mtu mmoja mkubwa wa Chama alilitaka shamba lile, akaleta wapimaji, wakasimika ndani yake mabone, yale mawe ya saruji ya kuonyesha mpaka. Mama Riziki aliyang'oa. Si kuyang'oa tu: alichukua matatu akayafanya mafiga, na polisi walipofika walimkuta anapikia sombe juu yake. Waliyaleta mabone kwangu kama ushahidi, yakiwa na masizi, yananukia mawese. Mwenyewe alisimama mbele ya meza yangu, mwembamba, kitambaa kichwani, hana hata dalili ya hofu.

"Mama, ulijua haya mabone njo ya Leta?" nilimwuliza, maana Leta ndiyo serikali.

"Niliyakuta mu shamba yangu," alijibu. "Kitu inaota mu shamba yangu, napikia."

Karani alicheka mpaka Mukubwa akachungulia. Lakini kesi yenyewe haikuchekesha. Mpunga wa Mama Riziki ulikuwa umeiva, umeinamisha vichwa. Akiendelea kukaa boloko, yaani gerezani, msimu ukapita, ndege watakula, magugu yatapanda, na yule mtu wa Chama atakwenda na mashahidi wake kuonyesha shamba lisilo na mwenyewe. Hakuhitaji kushinda kesi. Alihitaji mama yule akae tu. Na kumkalisha au kumwachilia kulikuwa mikononi mwangu, kwa sababu dosye ilikuwa imeandikwa jina langu. Nilikwenda kwa Mukubwa nikamwambia sioni kosa la kumfungia mtu. Kama kuna ubishi wa mpaka, wausikilize mahakamani na mama akiwa nje anavuna. Alinisikiliza akichokonoa meno kwa kijiti. "Usikimbie, Feza," alisema. "Iyo tutaona ku meza."

Siku ile tulipofika kwake nilipitia jikoni, kama nilivyozoea, kumsalimia Mama Mukubwa. Uani, lupango kama tunavyoita, alikuwa amechuchumaa mwanamke mgeni, miguu imejaa vumbi la njia ya Pangi. Alikuwa dada yake Mama Riziki. Alikuwa amebeba kuku jike mwekundu, mnene, kuku wa kutaga, si wa kuchinjwa. Aliposikia mimi ndiye mama wa parke alinyanyuka akaninyooshea. "Kuku njo huyu, Mama. Wanasema bila kuku dosye haifunguke." Alisema bila aibu, kama mtu anayelipia tiketi ya treni, na hapo ndipo nilipoelewa tumewafanya nini watu hawa: hawakujua hata kwamba ni rushwa. Walidhani ndiyo sheria. Nilimwambia amchukue kuku wake arudi, dada yake hadaiwi kitu. Mama Mukubwa alikuwa ameshamshika kuku miguu. Alinitazama, akatazama mlango wa chumba cha kulia. "Kuku ikishaingia ku hii lupango, haitokake," alisema kwa sauti ya chini. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa woga, nami wakati ule sikujali woga wake.

Mezani kulikuwa na paja la mbuzi, nono, na Mukubwa mwenyewe alitangaza lilikotoka: zawadi ya ndugu yetu wa Chama, mpenda maendeleo. Tulikula tukapiga soga. Kuku mwekundu alikuja baadaye, katika mchuzi, na mwisho kabisa kikaja kisahani. Mukubwa akaichoma firigisi. Uma ukapita juu ya sahani ya Sumaili, ukapita ya wengine, ukasimama juu ya yangu, na firigisi ikadondoka kwenye wali wangu. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa.

"Leo hauko mwanamuke," Mukubwa alisema, na nadhani kweli aliona ananipa heshima ya mtu wa sheria. "Leo njo uko magistra. Kula. Ule mama wa Mikelenge anakaa kwanza mu boloko, mpaka akili yake irudi."

Niliitazama. Ilikuwa ndogo, ya kahawia, imepasuliwa vizuri na kuoshwa. Nilitakiwa kumla kuku wa Mama Riziki na kumfunga Mama Riziki, kwa tonge moja. Maziwa yalikuwa yameanza kutoka. Nilisikia hasira ambayo sijapata kuisikia tena, hata katika mazishi ya watu niliowapenda. Ilikuwa hasira ya mwili, iliyotoka tumboni, na ilinifanya niwe mtulivu kabisa. Nikasimama.

"Mukubwa," nikasema, "miye nakulaka kwangu."

Na hapa nikafanya jambo ambalo mwanamume asingelifanya. Kama ningekuwa Sumaili ningeondoka nikaacha sahani imejaa mezani. Lakini msichana wa kwetu haachi sahani yake mbele ya watu. Ni matusi kwa aliyepika, na aliyepika hakuwa amenikosea. Nilichukua sahani yangu na firigisi juu yake, nikaipeleka jikoni, nikaiweka kando ya mafiga mbele ya Mama Mukubwa. "Aksanti, Mama. Naenda," nikasema, nikatokea mlango wa nyuma. Adabu hiyo ndogo ndiyo iliyonigharimu.

Wakati wao wanamalizia mbuzi na kulegeza vifungo vya abakosti, mimi nilikuwa natembea juani kwenda gerezani, dada yake Mama Riziki nyuma yangu. Niliandika amri ya kumwachilia Mama Riziki kwenye meza ya mlinzi, nikipiga muhuri nilioutoa kwenye mkoba wangu wenye nguo za mtoto. Mlinzi aliisoma mara mbili. "Mukubwa anajua?" Nikamwambia Mukubwa amelala. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa jibu, lakini alifungua. Mama Riziki alitoka akinyoosha mgongo, dada yake akamkimbilia. Hakunishukuru. Alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Na kuku yetu?"

"Imeliwa."

"Nani alikula?"

"Mukubwa."

"Imukwame," alisema, akamshika dada yake mkono wakaondoka upande wa Mikelenge, na kesho yake alikuwa bondeni anavuna. Shamba lile hakuna aliyemnyang'anya tena. Wajukuu zake wanalilima mpaka leo, na kila ninapopita nawaonea wivu jinsi wasivyojua chochote. Mimi nilikwenda nyumbani. Kalume alikuwepo. Nilikula wali uliopoa na sombe ya jana, mtoto ananyonya, mpaka sahani ikaisha.

Asubuhi yake, baada ya animasyo, Mukubwa hakuturuhusu kutawanyika. Alisema kutoka ngazini, mbele ya makarani, polisi na watu wenye kesi. "Fadhila ya punda ni mateke. Huyu mutoto alikula firigisi ya mukono wangu, ku meza yangu, tumbo ikajaa, halafu akanigeuka." Nikasema kwa sauti, "Sikukula." Mtu akacheka. "Hakukula," Mukubwa akarudia. "Basi firigisi iko wapi? Iliota mabawa?" Wote wakacheka, na Sumaili alikuwa wa kwanza. Mtu wa mbali hataelewa uzito wa jambo lile. Kula rushwa kwetu lilikuwa kosa dogo, kila mtu alikula. Lakini kula chakula cha mtu kisha ukamgeuka, hilo halina jina. Mukubwa alijua anasema uongo na anaufurahia, ndivyo nilivyoamini, na nikamchukia kwa uongo ule kuliko kwa ulaji wake. Haikupita muda nikapelekwa Tunda, mahali pasipokuwa na ofisi wala reli, eti kuchunguza hali. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Nilikataa, nikaacha utumishi, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimepaka rangi chumba cha mbele cha nyumba yetu na kuweka meza: avoka, yaani wakili.

Siku hizi wasichana wanaosoma sheria wananialika kwenye semina za hoteli, kuna chai na maandazi, wananiuliza nilipangaje kazi na familia, nilichaguaje maadili. Wananiudhi, ingawa ni watoto wazuri. Sikupanga kitu. Niliichukia meza moja. Kutokana na chuki hiyo nilijitungia sheria yangu: mlango wangu unafungwa saa sita, awe amekuja mchimba dhahabu wa Pangi au waziri, sipokei kitu kinachotafunwa, kesi isiyowezekana kufuatwa bila kulala nje ya nyumba yangu, naipeleka kwa mwingine. Matajiri walinikimbia. Walioniita Mama wa Saa Sita walikuwa wananicheka. Watoto wangu wote walijua sura yangu ya mchana, na Kalume kila aliposhuka kwenye treni alinikuta. Hilo lilikuwa na raha yake, sikatai. Lakini firigisi ilinifuata hata pale mlangoni. Wajane waliniomba niwatetee, kisha wakauliza kwa woga, "Lakini, Mama, wanasema weye unakulaka pande yote mbili?" Mahakimu walinitania. Mwanangu alirudi kutoka shuleni ameipigania. Kila mara nilisema sikuila, na kila mara nilisikia mwenyewe jinsi anayejitetea kwa jambo dogo hivyo anavyoonekana mwongo.

Ndiyo maana pale matangani, Sumaili aliposema alitulisha sote, nilikuwa natafuta namna ya kunyanyuka bila magoti kupiga kelele. Lakini Mama Mukubwa alikuwa anakuja. Amekuwa mdogo sana, mgongo umepinda, kitambaa cha ujane kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Wanawake wa ukoo wake walimfuata wakiita, "Mama Sifa, kaa chini, Mama Sifa," na hivyo ndivyo nilivyolijua jina lake. Hakukaa. Mkononi alikuwa na kisahani, na kwenye kisahani firigisi. Aliinama karibu yangu, nikasikia harufu ya moshi na mawese, ileile.

"Feza," alisema. "Ile ya siku ile, ni miye nilikulaka."

Sikumwelewa mara moja. Akaendelea, bila kunitazama. "Uliiacha pale ku mafiga. Nilikuwa nawapikia myaka na myaka, sikujua inakuwaka namna gani. Nilikula. Halafu akauliza firigisi iko wapi. Nikamuambia ulikula umesimama, ukaenda. Angenirudisha kwetu, Feza. Weye ulikuwa na masomo, ulikuwa na bwana wa muzuri. Miye nilikuwa na fasi gani?"

"Yeye alikuamini?"

"Aliamini mpaka juzi. Alikuwa anaisemaka hata mu ugonjwa."

Kwa hiyo hakuwa amesema uongo. Maisha yangu yote nilimchukia mtu kwa uongo ambao kwake ulikuwa kweli. Niliutafuta moyoni ule ulaini ambao watu husema huja saa kama hizo, sikuuona. Niliona tu kwamba chuki yangu ilikuwa na mguu mmoja mbovu, nikaukata, na iliyobaki ikaendelea kusimama vizuri: kuku wa wajane, watu wanaochuchumaa uani, matiti yangu yanayouma, na mwanamke huyu aliyeogopa kipande cha nyama kuliko Mungu. Yeye pia nilitaka kumchukia. Alikuwa amenila jina langu zaidi ya mumewe. Nilimtazama ameinama na kisahani chake, nikashindwa.

"Ilikuwa tamu?" nikamwuliza.

"Sijue. Ilikuwa ya moto. Nilimeza bila kutafuna, naangalia mulango."

Alinisogezea kisahani. Nilikisukuma kikarudi kwake. "Kaa, Mama Sifa," nikasema, nikamwachia kiti changu. "Hii kula hapa, mbele yao. Utafune." Alinitazama kuona kama namdhihaki. Kisha akakaa, akaichukua firigisi kwa vidole, akaiweka mdomoni, akaanza kuitafuna kwa meno yake machache, polepole, mbele ya wazee wa ukoo, masubstitu wa zamani, watu wa serikali na picha ya marehemu iliyowekewa maua. Watu waligeuka kumtazama, safu baada ya safu. Sumaili alishusha maikrofoni.

"Mama," alisema, "mambo gani tena? Firigisi?"

"Njo ya pili," Mama Sifa alijibu, mdomo umejaa. "Ya kwanza nilikulaka ile siku mulisema ni Feza."

Hakuna aliyecheka. Mama Sifa alimeza, akajifuta vidole kwenye kikwembe chake, akafikiri kidogo.

"Kumbe ni nyama tu," akasema.

Nilichukua mkoba wangu. Sumaili akaniuliza kwa sauti ndogo kama sitabaki kula. Jibu langu alikuwa analo tangu zamani. Ilikuwa inakaribia saa sita, na Kalume huwa hali mpaka nifike.